Rahisi Huwa Ghali

Wanafunzi wenzangu, kuna mjadala mkali kati yetu tunaopenda gemu za mkononi: ni kaseti gani ya flashi ifaayo kununuliwa? Kaseti hii haiji na gemu moja tu, bali hutiwa kadi ya kumbukumbu yenye gemu chungu nzima. Wengi husema, "Chukua ya bei ya chini, zote ni sawa tu." Mimi napinga kabisa!

Kwanza, tazama mashine yako. Kaseti nyingi zilizoundiwa Nintendo DS ya mwaka wa 2004 hukataliwa na DSi ya 2008. Pili, tazama kadi. R4 ya kwanza haisomi kadi inayozidi GB 2. Ukiipelekea ya GB 8, imekula kwako. Tatu, jihadhari na za kuigiza. Zipo ambazo programu yake imewekewa tarehe. Ikipita, kaseti hugoma mpaka utafute programu nyingine. Sisi wa kutwa tunaotembea kwa miguu ili tuweke akiba ya nauli, hasara hiyo twaiweza?

Isitoshe, kuna haki ya waundaji. Mwaka wa 2010 Mahakama Kuu mjini London iliamua kwamba kuuza vifaa kama R4 ni kuvunja sheria, kwa kuwa hupenya kinga ya gemu. Basi, aliye na kaseti aitie gemu ambazo wenyewe wamezitoa bure, au aunde yake.

Kabla ya kutoa pesa, uliza maswali. Aulizaye hapotei njia.