Flipa ikipiga kinyonge, usikimbilie koili

Mwandishi wa makala, hapo unapotushauri kununua koili mpya kila flipa ya mashine ya pinboli inapopoteza nguvu sikubaliani nawe. Koili yenyewe ni nadra kuchakaa. Kinachochakaa ni vitu vinavyosuguana na kugongana: bushi ya plastiki iliyo ndani ya koili, kiungo cha flipa, na kile chuma kinachoizuia plunja, yaani fimbo ya chuma inayovutwa na koili, mwisho wa mwendo wake. Plunja ikigonga hapo miaka nenda miaka rudi, ncha yake hutanuka kama uyoga na kuanza kukwama ndani ya bushi. Ichomoe, ipapase nchani, utausikia ule ukingo.

Kwa mashine za Marekani za miaka ya 1980, angalia pia swichi ya mwisho wa mwendo. Flipa ikiwa imelala, platini za swichi hiyo hugusana na kupitisha umeme mkubwa wa kuanzia. Flipa ikishainuka, huachana. Zikishika masizi, flipa inalegea. Zisipoachana, koili inaungua, na hiyo mpya uliyonunua itaungua vilevile! Zipitishie tupa laini, kisha uzirekebishe.

Jambo jingine, jamani: msitie grisi wala oili kwenye bushi. Inashika vumbi, inaganda, plunja inazidi kuwa nzito. Bushi inatakiwa iwe kavu. Ikichakaa, weka nyingine.

Na kabla hujainua ubao wa kuchezea, toa mipira yote na uchomoe plagi ukutani. Kuzima swichi ya mashine peke yake hakutoshi.