Si Kila Mwenye Haki Ana Hati

Katika chuo nilichosomea utotoni, mtu akisha kuhitimu msahafu alifunguliwa kitabu kidogo cha fiqhi kiitwacho Safina. Tulikihifadhi kwa kukariri, bakora ya maalimu ikiwa karibu, wala hapana kati yetu aliyeuliza mtunzi wake alikuwa nani na alizikwa wapi. Ukubwani ndipo nilipokuja kujua ya kwamba Sheikh Salim bin Sumeir, Mhadhrami aliyekitunga, alifariki mwaka 1855 katika mji wa Batavia, ambao leo ndio Jakarta, kisiwani Java. Kumbe watoto wa huko nao hukisoma kitabu kile kile, na madhehebu yao ni ya Imam Shafi kama yetu! Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila nikipatacho juu ya watu hao. Mimi Java sijafika kwa miguu yangu; nimefika kwa vitabu tu, na msomaji apime maneno yangu kwa kipimo hicho.

Ninalotaka kulinena leo ni moja. Tumezoea kudhani kuwa mali ya shamba ni jambo jepesi: kuna shamba, kuna mwenye shamba, na kuna karatasi yenye jina lake. Kijiji cha Java chatufunza kuwa sivyo. Katika jaruba moja la mpunga wanaweza kuwamo wenye haki watano, na karatasi ikamjua mmoja tu. Wale wanne hawafukuzwi kwa vita wala kwa kesi. Huamka asubuhi wakakuta haki yao haipo tena.

Hebu kwanza tutazame mahali penyewe. Kisiwa cha Java hakifiki robo ya ukubwa wa Kenya, na hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta humo zaidi ya watu milioni 150, yaani zaidi ya mara tatu ya watu wetu. Sasa shuka kusini mwa mji wa Yogyakarta, ufike Imogiri, kwenye kilima walikozikwa wafalme wa Mataram. Karibu na hapo pana kijiji kiitwacho Sriharjo. Ni wachache mno waliopata kulisikia jina hilo, illa wataalamu wawili, Masri Singarimbun wa Indonesia na David Penny wa Australia, walikaa wakazipiga hesabu za maisha ya wanakijiji wake, na mwaka 1973 wakazitoa kitabuni. Hawakuuliza nani tajiri na nani maskini. Walilichukua neno la wanakijiji wenyewe, cukupan, maana yake mtu mwenye cha kumtosha: si cha kuringia, bali cha kula na kuvaa, na kumkirimu mgeni bila ya aibu. Wakauliza, ni nani humu mwenye ardhi ya kumfikisha hapo? Wakakuta ni wachache.

Mali ya mwanakijiji wa Java ina mafungu yake. Kuna jaruba la mpunga, sawah, linalotiwa maji kwa mifereji. Kuna konde la juu lisilopata maji ila ya mvua, nalo huitwa tegal. Na kuna kiwanja kinachoizunguka nyumba, pekarangan. Msidharau kiwanja hicho. Humo mna minazi, migomba, mipapai na mianzi, na kuku chini yake. Mtu asiye na jaruba hata moja huishi kwacho. Asiye na mnazi hugema mnazi wa mwenzake, akapika sukari kwa maji yake, wakagawana yeye na mwenyewe. Sisi watu wa Pwani tunaomjua mgema hatuhitaji kufasiriwa hilo. Na chini ya wote hao yuko asiye na kiwanja, aliyejenga kibanda katika kiwanja cha mtu kwa hisani yake, na hisani hiyo huilipa kwa kazi.

Kisha kuna ardhi ya cheo. Mkuu wa kijiji na wasaidizi wake kwa desturi hawakulipwa mshahara wa fedha. Walipewa majaruba ya kijiji walime au walimishe muda wote wawapo kazini, na cheo kikitoka, na majaruba hutoka. Huko Yogyakarta hata mzee aliyestaafu hutengewa kipande cha kumtuliza uzeeni. Ukikitazama kwa macho ya fiqhi utakiona chafanana na wakfu: mtu hula matunda, shina si lake.

Ama katika mirathi, Wajava wana msemo wao: mwanamume apate mzegazega mmoja, mwanamke apate mzigo mmoja wa mbeleko. Mzegazega una mizigo miwili, mmoja kila upande. Kwa hivyo mwanamume apata mawili na mwanamke moja, ndiyo hesabu ile ile tuliyoisoma chuoni. Lakini katika vijiji vingi desturi ni kugawana sawa kwa sawa, na aghalabu mtoto aliyebaki kuwauguza wazee ndiye hupewa nyumba. Na mali waliyoichuma mume na mke pamoja, ijulikanayo kama gono-gini, ni ya wote wawili. Wakiachana, mke haondoki na kanga zake tu.

Uadilifu huo una gharama yake. Baba mwenye ekari moja na watoto wanne huacha robo robo, na wajukuu hurithi tuta. Waindonesia humwita mkulima wa chini ya nusu hekta petani gurem. Na gurem, ndugu msomaji, ni utitiri wa kuku. Hesabu ya kilimo ya mwaka 2013 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya nyumba za wakulima katika Indonesia nzima ni za wakulima utitiri.

Mtu atauliza, basi hao wasio na ardhi waliishije? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Zamani mpunga wa Java haukukatwa kwa mundu. Ulikatwa kwa kisu kidogo kiitwacho ani-ani, kinachofichika kiganjani, suke moja baada ya moja, kwani waliamini kuwa Dewi Sri, mwenye roho ya mpunga, asitishwe kwa chuma kikubwa. Kazi hiyo yataka mikono mingi, na mikono ilikuja: wanawake wa kijiji, hata wa vijiji vya jirani. Kila mvunaji alipata fungu lake la mavuno, bawon. Hapa sehemu moja kwa kumi, pale moja kwa nane, na jamaa wa karibu akaongezewa. Mwenye jaruba hakuweza kumwambia mama wa jirani, "Wewe rudi." Angemwambiaje, na kesho watakutana kisimani na kwenye karamu ya dua? Fungu lile halikuwa sadaka, wala halikuwa mshahara. Lilikuwa haki, na kwa maskini ndiyo iliyokuwa shamba lake.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 ukaja mpunga mpya, mfupi, uzaao upesi na kwa wingi. Serikali ya Suharto iliusukuma kwa mbolea na mikopo, na mwaka 1984 Indonesia ikajitosheleza kwa mchele. Hilo ni jambo kubwa, na asiyelipa heshima yake ni mtu asiyepata kulala na njaa. Lakini mpunga mfupi haukukatika vyema kwa ani-ani, ukaja mundu. Mundu wahitaji watu wachache. Tena wenye majaruba wakaanza kumwuzia mchuuzi mpunga ungali umesimama kondeni, na mchuuzi akaja na wavunaji wake mwenyewe, watu wa mbali, wasiojua mama fulani ni mjane wa nani. Mwenye jaruba akapata kisingizio: "Mpunga si wangu tena, dada yangu, nimekwisha kuuza." Na vinu vya mashine vikaingia katika miaka hiyo hiyo, na wanawake waliokuwa wakitwanga kwa mchi na kupewa mchele kwa ujira wakaikosa hata kazi hiyo.

Tazameni jinsi haki ile ilivyokufa. Hapana sheria iliyoifuta, hapana hakimu aliyehukumu. Haikuwa imeandikwa popote, basi haikuhitaji kufutwa.

Nisidhaniwe kuwa nakisifu kijiji cha zamani kana kwamba kilikuwa pepo. Mwenye kibanda cha hisani alikuwa mtumwa nusu. Na ardhi ya Java ina damu. Mwaka 1960 Indonesia ilitunga sheria nzuri za ardhi: katika sehemu zenye watu wengi mno mtu asizidishe hekta 5 za majaruba, na shamba lililowekwa rehani likipita miaka 7 lirejee kwa mwenyewe bila ya kulikomboa, kwa kuwa mwenye fedha amekwisha kula mavuno ya kumtosha. Wenye ardhi wengi walificha na kuchelewesha. Mnamo 1963 na 1964 wakulima waliofuata chama cha Kikomunisti wakaingia mashambani kwa nguvu. Na ilipofika Oktoba 1965 yakaanza mauaji yaliyoendelea hadi mwaka uliofuata, wakauawa watu kwa mamia ya maelfu. Sababu zake zilikuwa nyingi, na ardhi ilikuwa mojawapo. Baada ya hapo, nani angethubutu kunyanyua sauti kwa ajili ya fungu la mavuno?

Wala sisemi kuwa hati ni mbaya. Mwaka 1870 Wadachi walitangaza kuwa ardhi ambayo mtu hawezi kuthibitisha ni yake ni ya dola. Na mwaka 1918 ufalme wa Yogyakarta nao ukatangaza hivyo kwa upande wake, kuwa isiyo na ushahidi ni ya ufalme. Sisi wa Pwani twaijua ladha ya dawa hiyo. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye dai aende akalieleze, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Wangapi hawakusikia, wangapi walisikia wasielewe, na wajukuu wao leo waitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao! Mjava naye kwa miaka mingi alishika stakabadhi ya kodi akidhani ni hati, mpaka siku ya ugomvi akaambiwa kuwa hiyo ni risiti tu. Kwa hivyo tangu mwaka 2017, Indonesia ilipoanza mpango wa kupima na kuandikisha vijiji vizima vizima, mwenye kiwanja chake ana sababu ya kushukuru.

Ninaloliogopa ni hati inayojua jina moja tu. Hapa kwetu ardhi huweza kuwa ya huyu na minazi iliyo juu yake ikawa ya yule. Kuna njia ya kushukia pwani ambayo wavuvi wameipita tangu enzi za mababu. Kuna kisima cha mtaa katika shamba la mtu, kuna makaburi, kuna mti ambao chini yake mitumbwi hukarabatiwa. Mambo haya yote yalikaa katika vichwa vya wazee, kama bawon ilivyokaa katika haya ya mwenye jaruba. Kisha mpimaji huja na kamba yake, huandika ekari kadhaa na jina la fulani, na fulani huuza kwa mgeni. Mgeni hajatenda kosa, amenunua kilichoandikwa. Huzungusha ua wake, na mvuvi hujikuta amesimama na wavu begani, njia haipo.

Shauri langu ni hili. Kabla hati ya kijiji chochote haijapigwa muhuri, na pafanyike baraza, waitwe wote na hasa wanawake na wasio na ardhi, na iandikwe, pamoja na jina la mwenye shamba, kila haki iliyomo ndani yake: njia, kisima, mti, kaburi, fungu la mavuno. Iandikwe katika hati yenyewe, ili anayenunua anunue na mizigo yake. Karani atalalamika kuwa kazi itakuwa ndefu. Itakuwa ndefu, ni kweli. Lakini ugomvi wa miaka mia si mrefu zaidi?

Alfajiri ya tarehe 27 Mei, 2006, ardhi ilitetemeka huko Bantul, wilaya yenye Imogiri na Sriharjo ndani yake. Walikufa watu zaidi ya 5,700, na nyumba zilianguka kwa maelfu. Wanakijiji walizijenga tena kwa makundi, hii ya huyu leo, ya yule kesho, kwa ile desturi yao ya kusaidiana. Desturi hiyo nayo haikuandikwa, na ilisimama pale matofali yalipolala. Basi sisemi kuwa kila kisichoandikwa hufa. Hufa kile ambacho mwenye nguvu hapati faida kikiwa hai, na hicho ndicho tukikimbilie na kalamu mapema.

*Mwenye shamba ana hati, jina lake laandikwa,*
*Mvunaji kwa wakati, haki yake yafunikwa,*
*Haki hazipimwi futi, wala kwa kamba kushikwa,*
*Tuziweke katikati, zisije hai kuzikwa.*