Katazo la Jukwaani Halimlindi Kijana wa Ruhuwiko

Januari 2024, mahakama ya Shanzu, Mombasa nchini Kenya, iliwaachia huru watu 48 walioshtakiwa kwa kuuza na kuvuta shisha. Hakimu Joe Mkutu alisema katazo lililowafikisha kizimbani halikuwa na nguvu ya kisheria, kwa kuwa kanuni zake hazikupelekwa bungeni. Wapo waliomlaumu hakimu. Wamekosea. Wa kulaumiwa ni serikali iliyotangaza marufuku Desemba 2017, ikaagizwa na Mahakama Kuu mwaka 2018 irekebishe kasoro hiyo ndani ya miezi tisa, kisha ikakaa kimya.

Kesi ya Mombasa inatuhusu sisi wa Ruhuwiko, hapa Songea, tena sana. Julai 2016 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipiga marufuku shisha nchini Tanzania. Dhamira ilikuwa njema na wazazi wengi tulishangilia. Lakini agizo hilo lilisimama juu ya kauli. Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku tuliyo nayo ni ya mwaka 2003. Inakataza kumuuzia tumbaku mtoto wa chini ya miaka 18, na hilo ni jema. Lakini ilitungwa kabla sigara za kielektroniki, ambazo vijana wanaziita vepu, hazijaingia katika soko letu.

Najua yanayosemwa upande wa pili. Tumbaku inawalisha wakulima wa Namtumbo na inaiingizia nchi fedha za kigeni. Mtu mzima ana hiari yake. Na agizo la kiongozi huleta matokeo haraka kuliko muswada. La wakulima ni la kweli, ila tumbaku yetu kwa sehemu kubwa huuzwa nje, na kumzuia mtoto wa Songea asivute hakumwondolei mkulima mnunuzi. La hiari halimhusu mwanafunzi wa kidato cha pili. La haraka ndilo linalotuumiza.

Agizo hudumu kadiri aliyelitoa anavyolikumbuka. Wiki ya kwanza polisi wanazunguka, mitungi ya shisha inakamatwa, picha zinapigwa. Kiongozi akihamishwa, au likizuka jambo jingine, msako unakwisha. Mtendaji wa kata akimkuta muuza duka anamuuzia kijana vepu, atamshtaki kwa kifungu gani? Faini ni kiasi gani? Mzigo uliokamatwa uende wapi? Sheria ndiyo hujibu maswali hayo, kauli ya jukwaani haiwezi. Asipokuwa na jibu, mtendaji ama atanyamaza, ama atatumia ubabe unaofungua mlango wa rushwa. Siku mfanyabiashara mwenye wakili mzuri akienda mahakamani, yatatokea ya Shanzu.

Sasa tazama Uganda. Nao wanalima tumbaku. Mwaka 2015 Bunge lao lilipitisha sheria iliyopiga marufuku shisha na sigara za kielektroniki, ikakataza kuuza sigara moja moja, ikapandisha umri wa kuuziwa hadi miaka 21. Kampuni ya British American Tobacco Uganda ikaenda Mahakama ya Katiba kuipinga. Mei 2019 ikashindwa. Kampuni kubwa, yenye fedha na mawakili, haikuweza kuiangusha sheria iliyopita bungeni. Kenya, washtakiwa wa kawaida waliliangusha katazo mbele ya hakimu. Tofauti ni karatasi iliyopigiwa kura. Nani bado anahitaji ushahidi mwingine?

Kwa hiyo nimechoka kusikia kila Mei 31, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, hotuba za kuwasihi vijana wajiepushe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionesha kuwa asilimia 8.7 ya watu wazima nchini wanatumia tumbaku. Wengi wetu hatuvuti, na watengenezaji wanalijua hilo. Wateja wao wapya watatoka miongoni mwa watoto wetu, walioko shuleni na kwenye vijiwe vya bodaboda leo. Kumsihi mtoto huku duka likiruhusiwa kumtega ni kumtwika yeye wajibu wa dola.

Bunge liifanyie marekebisho sheria ya 2003: itaje sigara za kielektroniki na shisha kwa majina, ikataze kuuza sigara moja moja, iweke adhabu inayoeleweka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku tangu 2007, na ibara yake ya 16 inazitaka nchi zijitahidi kuzuia uuzaji huo wa moja moja. Wakati tukisubiri, Baraza la Madiwani la Manispaa ya Songea halina kisingizio. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inalipa uwezo wa kutunga sheria ndogo, kwa idhini ya waziri. Litunge moja ya kuondoa tumbaku na vepu katika maduka yaliyo jirani na shule. Nawe mzazi wa Ruhuwiko, diwani akija kuomba kura, mwulize sheria ndogo hiyo imefikia wapi.