Bukavu: Lokua Kanza hakuishia kwa « Wapi Yo »

Wakaaji wengi wa Kivu wanasema Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu, alimaliza kazi na « Wapi Yo » ya mwaka 1995. Msikilizaji mmoja wa muji huo, ambaye vita imemkimbiza na jamaa yake mpaka kwa watu, anasema huo ni uvivu wa masikio.

Albamu ya kwanza ya 1993 anaipenda: gitare na sauti, basi. Lakini anauliza, nani alisikiliza « Toyebi Té » ya 2002 mpaka mwisho? Humo sauti imekomaa, anasema, na Kilingala chake hata mtoto anakishika.

Hamtetei kwa yote. « Plus Vivant » ya 2005 inamuuzi: Kifaransa kingi, kama vile mama wa soko la Kadutu hahesabiwi. Kwa wanaosema ilimfungulia milango Ulaya, jibu lake ni fupi: alikuwa Paris tangu miaka ya 1980!

« Nkolo » ya 2010 ilimpatanisha naye. Kisha miaka 11 ya kungoja, mpaka « Moko » ya 2021, yenye lugha nyingi. Na hapo hasira yake inageukia redio: kila asubuhi wimbo uleule wa zamani, wakati familia zilizokimbia zinashinda na redio pembeni kutwa nzima. Mtu aliyeacha nyumba na vyombo, anasema, asipewe tena makombo ya muziki wa mwana wa kwao. Wapige « Moko » yote.