Rangi Haizimi Moto

Siku hizi kila Jumapili lazima ukutane na Peugeot 504 imeoshwa ikang'aa, mwenyewe ameegemea boneti anapigwa picha. Rangi mpya, viti vipya, redio ya kutikisa vioo. Mimi huomba kitu kimoja tu: fungua boneti tuone. Wengi hukataa.

Hatubishani kuhusu heshima ya gari hii. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikarudia 1978. Huku kwetu, kutoka Kitale hadi Bungoma, imebeba mahindi, maharusi na maiti. Lakini mpira wa petroli haujui historia. Ukizeeka hukauka na kupasuka, na ule uliovishwa uzi kwa nje huficha nyufa zake mpaka siku ya siku.

Mjomba wangu kule Kwanza ana pikapu ya 504. Tulikuwa tunapeleka magunia Kitale ikaanza kukohoa, kisha ikazima. Fundi wa kando ya barabara akatupa dawa ile tunayoijua sote: jerikeni ya lita tano juu ya paa, mpira wa maji mpaka kwenye kabureta. "Itakufikisha, mzee." Na kweli ilitufikisha. Lakini njia nzima nilitazama ule mpira ukicheza mbele ya kioo, matone yakidondokea injini moto. Tunaita ujanja. Ilikuwa bahati.

Kesho yake tulifungua pampu. Diaframu ilikuwa imechanika, na oili ya injini ilinuka petroli. Yaani mafuta yalikuwa yakiingia ndani na kuifanya oili nyepesi kama chai ya bweni. Injini ilikuwa inakufa polepole na sisi tunasukuma gia.

Sasa msikilize. Kubadilisha pampu peke yake ni nusu kazi. Pampu mpya ikivuta kupitia mpira uliopasuka itavuta hewa, halafu utamlaumu aliyekuuzia pampu. Badilisha mipira yote kutoka tanki hadi kabureta, iwe ya petroli, si ya maji. Kagua paipu ya chuma chini ya gari kama imeoza. Weka filta na klipu mpya. Na usikubali kuwekewa pampu ya umeme iliyotolewa kwenye gari ya injekta: presha yake ni kubwa mno, kabureta itafurika petroli.

Simlaumu fundi. Sisi ndio tunamlipa gari iwake leo, hatumlipi isiungue kesho.

Mtasema pesa hakuna. Sawa, lakini ya rangi ilitoka wapi? Ya redio je? Gari inayovuja petroli na imejaza watu si urembo wa zamani, ni hatari yenye namba ya usajili.

Pikapu ya mjomba bado ina kutu mlangoni na hakuna anayeipiga picha. Ila abiria wake hufika, na hawanuki petroli. Anza na mipira, ndugu yangu. Rangi itangoja.