Dunia Mbili za Nani?

Nimeichoka ile picha. Unaijua hata kama hujui inaitwaje: mstari wa maji umepita katikati, juu kuna anga, minazi na ngalawa yenye tanga jeupe, chini kuna mchanga, matumbawe na kiti cha pweza chekundu (wengine humwita nyota wa bahari) kilichokaa sawasawa pale ambapo jicho linatua. Imetundikwa kwenye kuta za hoteli, imo kwenye kalenda, imo kwenye vile vitabu vikubwa vya mezani ambavyo watu hufunua tu wakisubiri kahawa. Na maelezo yake ni yaleyale, eti dunia mbili ndani ya picha moja.

Dunia mbili za nani?

Sisemi ni kazi rahisi. Maji hupinda mwanga, ndiyo maana kitu kilicho majini ukikitazama kwa kioo bapa unakiona kikubwa zaidi kwa kama theluthi, na karibu zaidi kwa robo. Kwa hiyo kamera huvalishwa kuba la kioo. Kuba hilo linaleta kesi nyingine: upande wa majini, lenzi inaona taswira ya kila kitu kana kwamba iko sentimita 30 hivi mbele yake, au chini ya hapo, na huku minazi iko mbali kabisa. Lenzi moja, inatakiwa iangalie karibu na mbali kwa wakati mmoja. Basi tundu lake linafinywa hadi f/16 au zaidi, mwanga unapungua, chini kunakuwa giza, inabidi taa. Halafu matone yanabaki kwenye kioo upande wa juu, mpiga picha anakitemea mate, anakizamisha, anakiinua, anapiga haraka. Jasho lipo. Nalipa heshima yake.

Ila tazama masharti yanayofuata. Maji yatulie, jua liwe juu, mchanga uwe mweupe, kina kiwe cha kiunoni. Picha inachagua saa yake, na ikishachagua saa imeshachagua watu.

Chukua Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, ambako picha hizi hupigwa kila siku ya Mungu. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza huko mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wakulima wake wengi ni wanawake. Wanafuata bamvua. Maji yakipwa sana, asubuhi ya saa nne, saa tano, wanashuka na vigingi, kamba na vifungo vyao, wanainama mpaka maji yanaporudi. Mgongo unauma, macho yanawasha, miba ya urchini haina msamaha. Maji wakati huo ni ya magotini, mahali pengine ya vifundoni. Mpiga picha anayetaka maji ya kiunoni, yaliyotulia na yenye rangi ya feruzi, atafika wakati wao wamekwisha kwenda kupika. Au atamlipa mmoja arudi, asimame pale, ashike fungu la mwani. Ndiyo hapo tunapompata yule mama wa kwenye picha: buibui limetanda majini kama ua, miguu inaonekana vizuri, uso umeelekea kwingine.

Mwani wenyewe una hadithi ambayo mstari wa maji ungeweza kuisimulia vizuri kuliko maneno yangu. Kuna aina mbili zilizolimwa sana, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei. Ndiyo pia isiyostahimili maji ya kina kifupi yanapopata joto, na bahari imezidi kupata joto. Inageuka nyeupe, inaoza, inakatika kambani. Ushauri uliotolewa ni kuipeleka kwenye kina kirefu zaidi. Sasa wengi wa wanawake hawa hawajui kuogelea. Magotini, kiunoni, kifuani: kwao mstari ule ni kipimo cha hatari, na kila kidole kinachopanda kina bei yake. Mbona picha hiyo siioni ukutani? Kamba iliyokatika chini, na juu uso wa mtu anayehesabu hasara, akiangalia lenzi.

Wapo wanaojua kuutumia mstari. David Doubilet, Mmarekani aliyeipigia picha National Geographic kwa miongo mingi, amewapiga taa wa Grand Cayman kwa mtindo huu, na taa wale hawakukusanyika pale kwa bahati. Wavuvi walizoea kusafishia samaki wao kwenye maji yale yaliyotulia, taa wakajifunza kuja kula. Ukishajua hilo, juu na chini vinaanza kudaiana. Chini pako hivyo kwa sababu ya juu. Picha za hoteli zetu zinafuta deni hilo: juu mapambo, chini mapambo, katikati mstari safi.

Na lugha yenyewe inatusuta. Pwani ni mahali panapokupwa. Jina la nchi hii yote, toka Lamu mpaka Kilwa, limetoka kwenye maji yanayoondoka na kurudi, mara mbili kwa siku. Mahali ambapo saa nne ni shamba, saa kumi ni bahari, na mtu yuleyule ana haki ya kupita nyakati zote mbili. Unagandisha kitu hicho, unakikata kwa mstari, halafu unatuuzia kama dunia mbili?

Nitaambiwa ni picha tu, inaleta wageni, wageni wanaleta fedha. Haya. Lakini Paje hiyohiyo leo ina wageni wanaoteleza majini kwa tiara juu ya eneo lilelile lenye vigingi vya mwani, na wakulima wamelalamika. Mgeni aliyeuziwa bahari tupu akifika na kukuta kamba, ataona kamba ndiyo kosa. Nani alimwambia ni tupu?

Kwa hiyo mimi nadai mambo ya kawaida kabisa. Maelezo ya picha yaseme saa, bamvua au maji mafu. Yaseme kama mtu aliyemo alikuwa kazini au alilipwa kusimama, na jina lake likiwa ameridhia. Na kile kiti cha pweza: anapumua kwa ngozi na vijiguu vyake, hewani hana chake. Nimemwona mpiga picha akikitoa majini, akikigeuzageuza apate upande mwekundu zaidi, akikihamisha hatua kumi hadi penye mchanga mweupe. Aliyekuwa pembeni na kamba zake alimuuliza, "Kwani pale kilipokuwa kulikuwa na nini?" Hakujibiwa.