KAZI ZA MIKONO: Antena ya waya mbili

Labda uko na redio ya kusema na watu wa mbali, lakini antena ya dukani ni bei kali. Usihangaike. Dipole, ni kusema antena ya waya mbili, unaweza kuifunga wewe mwenyewe.

Kwanza jiulize: nataka kusema na nani? Ukiwa Kolwezi na kutafuta Lubumbashi, tumia 7,1 MHz mchana. Urefu wa metre 6 ao 8 toka chini unatosha, maana mawimbi yanapanda juu na kushuka karibu. Ukitafuta Ulaya, tumia 14,2 MHz, na uinue waya metre 10 ao zaidi.

Kiisha piga hesabu: gawanya 143 kwa MHz. Kwa 7,1 utapata metre 20, ni kusema 10 kila upande. Kwa 14,2 ni 5 kila upande. Ongeza santimetre 20 kila upande, kiisha kata kidogo kidogo, pande zote sawasawa, mpaka kipimo kionyeshe kwamba nguvu inayorudi redioni ni kidogo. Usikate mbio: waya iliyokatwa hairefuki tena!

Katikati, waya moja inashikana na moyo wa kebo, ya pili na wavu wake. Kwenye miisho funga kipande cha plastiki cha bidon ya zamani, kisha kamba. Uko na mti mmoja tu? Inua katikati na kushusha pande mbili kama paa la nyumba. Lakini watoto wasifikie miisho: wakati wa kusema inaunguza.

Weka antena mbali na waya za umeme, hata ikianguka isizifikie. Mvua ikikaribia, ngoa kebo na kuiacha inje. Na mbele ya kusema hewani, omba ruhusa ya serikali.

«Tutatosha wapi waya?» Kijana, njo hapa pa kuangalia. Kuna watu watakuonyesha shaba iliyokatwa usiku kwenye laini ya umeme. Kataa! Mwenye kuikata anaweza kufa palepale, na hospitali inabaki giza. Waya ya moteri iliyoungua, uliyouziwa kwa haki na mwenyewe, inasema vizuri vilevile. Na wewe utalala usingizi.

Kazi njema!